Kagua Ukiwa Huna Hela: Mwongozo Kamili wa Kununua Kiwanja cha Kwanza Mtwara na Lindi

Kuanzia Februari simu yangu huwa na habari ya aina moja. Hela ya korosho iliingia benki Jumanne, Jumamosi kiwanja kikalipwa, na sasa amejitokeza mtu mwingine anasema pale ni pake.

Mimi ni katibu wa kikoba hapa Mtwara mjini. Si wakili, si dalali. Watu wananiletea mikataba yao niisome kwa sababu wamezoea kuona nashika madaftari, na karibu wote huileta wakiwa wamekwisha kulipa. Kati ya ile Jumanne na ile Jumamosi hapakuwa na siku ya kuuliza.

Kwa hiyo mwongozo huu unaigeuza kalenda. Maji unayaangalia Februari na Machi, watu na karatasi unawakagua Juni mpaka Septemba, mfuko ukiwa mtupu na muuzaji hana cha kukuharakishia. Minada ya korosho ikianza Oktoba, wewe unabaki na kusaini na kulipa tu. Wa Ruangwa, Nachingwea na Lindi vijijini wanaotegemea ufuta, ambao hela yao huja katikati ya mwaka, wasogeze miezi lakini wasibadili mpangilio.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vitambulisho vya NIDA, chako na cha mwenza wako.
- Utepe wa kupimia wa mita 30. Fundi ujenzi yeyote anao, muazime. Ule mdogo wa mita 5 wa seremala usiutegemee.
- Daftari moja la kazi hii peke yake.
- Simu yenye kamera na ramani.
- Mashahidi wawili wa upande wako. Mmoja awe mbishi. Wapole wanaaibika kuuliza.
- Akaunti ya benki yenye jina lako kama lilivyo kwenye NIDA.
- Fungu la pembeni, kama asilimia 15 ya bei ya kiwanja, kwa ajili ya wakili, ushuru wa stempu, nauli na upimaji.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mtu ana milioni mbili, ananunua kiwanja cha milioni mbili, halafu hana hata elfu hamsini ya kumpeleka kwa wakili.

## Hatua ya 1: Pata namba moja

Chukua hela unayotegemea mkononi, si bei iliyotangazwa mnadani. Makato ya chama, ghala na usafirishaji hutoka kabla hela haijafika kwako.

Tuseme baada ya makato itaingia milioni 3. Toa chakula cha kuvukia mpaka mavuno, tuseme laki 9. Toa mahitaji ya shule ya Januari, laki 3. Toa palizi na dawa za mikorosho, laki 3 na nusu. Imebaki 1,450,000. Humo toa fungu la pembeni, utabaki na kama 1,260,000. Basi wewe ni mnunuzi wa kiwanja cha milioni moja na laki mbili. Ukioneshwa cha milioni mbili na nusu kinachopendeza macho, shukuru, endelea na safari.

Kwa nini uanze na hesabu? Kwa sababu pengo kati ya namba yako na bei ya kiwanja hujazwa na mambo mawili, yote mabaya. La kwanza ni kangomba: kuuza korosho zikiwa bado maua kwa nusu ya thamani ili upate hela ya kushikia kiwanja. La pili ni mikopo ya kausha damu. Hata mkopeshaji mwenye leseni anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi, ukikopa milioni 2 na riba ikapigwa kwenye mkopo wote kwa miezi 12, utalipa riba ya laki 8 na elfu 40. Hizo ni tofali za chumba kizima.

Mkopo wa nyumba wa benki nao hautakufaa kwa kiwanja kisicho na hati, maana benki haina cha kushikilia. Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya biashara za vikundi. Usiichote ukanunulia ardhi.

Umefaulu kama: ukurasa wa kwanza wa daftari una namba moja, na mwenza wako anaijua.

## Hatua ya 2: Jua unanunua ardhi ya aina gani

Ziko aina nne ambazo mtu wa kipato chetu hukutana nazo.

Kiwanja kilichopimwa, kinauzwa na halmashauri. Kina namba, kitalu na mawe ya mipaka, yaani bikoni. Unalipa kwa kontroo namba, unapata barua ya toleo, kisha hati. Ubaya wake ni kuwa kiko mbali na mji, na masharti huwa yanakutaka uendeleze ndani ya miezi 36.

Kiwanja kilichopimwa, kinauzwa na mtu binafsi. Ghali zaidi, lakini kinakaguliwa ofisini.

Ardhi ya mtaani isiyopimwa. Hapa ndipo wengi wetu tunaponunua, na ndipo wengi tunapoumia. Ushahidi wa umiliki ni watu na mkataba.

Ardhi ya kijiji. Pembezoni mwa manispaa za Mtwara na Lindi mpaka hauonekani kwa macho. Unaweza kudhani uko mtaani kumbe uko kijijini, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi. Mgeni hauziwi na mwenyekiti peke yake. Lazima halmashauri ya kijiji ikae, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Omba nakala.

Msimamo wangu ni huu, na kikobani tumebishana sana juu yake: kama hela inatosha kiwanja kidogo kilichopimwa au eneo kubwa lisilopimwa, chukua kidogo kilichopimwa. Watu hunijibu, "Katibu, sisi watu wa kusini tunataka nafasi ya kupanda mkorosho na muhogo." Sawa. Shamba lako liache liwe shamba. Hapa unatafuta pa kulala.

Kuhusu pagale: linaonekana rahisi kwa sababu kuta zipo. Lakini kwetu pwani kuna mafundi wanaofyatua tofali kwa mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Kwaruza tofali kwa ufunguo. Likimwagika kama sukari, hesabu bei ya kiwanja peke yake, maana ukuta huo utaubomoa. Kama ni nyumba yenye umeme, chukua namba ya mita ukaulize madeni, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na deni lisilolipwa litamkuta aliyepo.

## Hatua ya 3: Nenda wakati mvua inanyesha

Februari au Machi, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Nenda peke yako, bila dalali.

Angalia mstari wa tope kwenye kuta za majirani, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, kama njia ya kuingilia inapitika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga. Maji hayo hayo yanaukuta ukuta wako wa tofali za inchi tano.

Karibu na bahari au mkondo, tafuta matundu ya kaa ardhini. Yakiwepo, maji ya chumvi yanapanda mpaka hapo. Onja maji ya kisima cha jirani. Kumbuka pia Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Ukiuziwa hapo, umeuziwa bomoabomoa.

Kando ya barabara kuu na za mkoa, kama ya Mtwara kwenda Lindi kupitia Mingoyo au ile ya Masasi, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pima. Tazama kama kuna alama ya X nyekundu kwenye nyumba za jirani, na kama kuna mkuza, yaani ukanda uliotengwa kwa laini kubwa ya umeme au bomba la gesi.

Mwisho, hesabu nguzo za umeme. Nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo yenye laini haihitaji nguzo mpya. Zaidi ya hapo gharama inaruka. Kuhusu maji, waulize MTUWASA kwa Mtwara au LUWASA kwa Lindi bomba la mwisho liko wapi. Kiwanja cha laki 8 kisichokuwa na maji kinaweza kuwa ghali kuliko cha milioni moja na nusu.

Umefaulu kama: una picha za kiwanja kikiwa kimelowa.

## Hatua ya 4: Kagua watu kabla ya karatasi

Hapa twende polepole. Sehemu kubwa ya viwanja vilivyopotea mikononi mwa watu ninaowajua havikupotea kwa hati bandia. Vilipotea kwa ndugu aliyesahauliwa.

Urithi. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wa huku kwetu ukoo wao umefuata upande wa mama. Mtu anayekuuzia anaweza kuwa amelima hapo miaka ishirini, na bado kwa mila shamba likawa la mjomba, au la dada zake na watoto wao. Muuzaji akikwambia "hili nimeachiwa na mzee", usimuulize mzee alikufa lini tu. Muulize, "Mzee alikuwa baba yako au mjomba wako? Dada zako wako wapi?"

Mwenye mali akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo, na karatasi yake ni Fomu Namba IV. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni mzuri, lakini huo ni wa kupelekea mahakamani. Haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Fomu ikiwepo, bado warithi wakubwa wasaini kwamba wameridhia. Usikubali "wa Dar ataridhia tu". Mpigie simu wa Dar.

Mwenza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Muuzaji akiwa na wake wawili, mimi nawataka wote wawili, hata kama anakuapia kuwa wa pili haishi pale. Akisema mke amesafiri, jibu lako ni moja: "Basi tutamsubiri shemeji."

Mikorosho. Jambo hili dalali wa kutoka mbali halijui. Kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu aliweka mikorosho rehani kwa misimu mitatu ili amuuguze mgonjwa, sasa anakuuzia ardhi. Msimu ukifika utamkuta mtu anaokota korosho uani kwako, na ana karatasi. Kama kuna mti wowote wa maana, mkorosho, mwembe au mnazi, uliza mbele ya majirani: nani aliokota mwaka jana? Na mwaka juzi?

Majirani. Wasalimu majirani wa pande zote nne. Usianze na kiwanja. Anza na shikamoo, kaa kwenye jamvi, ulizia maji. Halafu sema, "Mzee, nimeambiwa hapa panauzwa, nami nataka kuwa jirani yenu. Kuna neno?" Kisha nyamaza. Mimi niliwahi kukaa hivyo upande wa Mangamba na bibi mmoja aliyekuwa akikuna nazi. Alikuna mpaka kifuu kikawa cheupe, ndipo akasema, "Karibu mwanangu. Ila wewe ni wa tatu mwaka huu." Nilirudi mjini na hela zangu zote.

Baada ya majirani nenda kwa balozi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza kama kuna shauri lolote juu ya eneo hilo kwenye baraza la kata au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukidaiwa pale asilimia 10 ya bei mkononi, uliza kwa adabu iko kwenye sheria ndogo ipi, na kontroo namba yake ni ipi. Malipo halali ya halmashauri yana risiti.

Umefaulu kama: daftarini una majina na namba za simu za majirani wanne, warithi au mwenza wa muuzaji, na jibu la nani aliokota korosho.

## Hatua ya 5: Pima wewe mwenyewe

Tangazo linasema ishirini kwa ishirini. Ishirini nini?

Huku kwetu mara nyingi ni hatua za miguu. Nimemwona mzee mmoja anapima kiwanja anachouza: mikono nyuma, hatua fupi kama anakwenda msikitini na kanzu mpya, akihesabu kwa sauti. Nilipopita na utepe nyuma yake, hatua moja ilikuwa kama sentimita 75. Ishirini zake ni mita 15. Mnunuzi aliyedhani anapata mita za mraba 400 alikuwa anapata 225, zaidi kidogo ya nusu. Mzee hakuwa mwizi. Ndivyo alivyouziwa yeye.

Fanya hivi:

1. Muuzaji na majirani wanaopakana wawepo, na kila mmoja aoneshe kona yake.
2. Chomeka mambo za mti kwenye kona nne.
3. Pima pande zote nne kwa mita. Andika kila moja. Usidhani pande zinazotazamana ziko sawa.
4. Pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kilichonyooka kina mshazari wa mita 25 kamili. Cha 20 kwa 20 ni mita 28 na sentimita 28. Mmoja ukiwa mrefu na mwingine mfupi, kiwanja kimelala upande, na nyumba uliyochora haitakaa.
5. Hakikisha njia ya kuingilia si sehemu ya vipimo vyako, na si uwanja wa mtu mwingine "anayeturuhusu tu".
6. Simama kila kona, piga picha na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu.

Kama kimepimwa, tafuta bikoni zote nne. Ikikosekana hata moja, usimwamini anayekuonesha kwa kidole. Mpima aliyesajiliwa airudishe, na gharama yake mkubaliane mapema na muuzaji.

## Hatua ya 6: Karatasi

Kwa kilichopimwa: chukua nakala ya hati au barua ya toleo na uende ofisi ya ardhi ya mkoa ukaombe upekuzi rasmi. Utalipia kwa kontroo namba. Majibu yanakueleza mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki au zuio, na hati imebakiza miaka mingapi. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Uliza pia deni la kodi ya pango la ardhi. Deni ni la muuzaji, alilipe kabla, kwa sababu uhamisho hautapita nalo.

Kwa kisichopimwa: nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri na zile alama za ramani ulizohifadhi. Swali lako ni moja: kwenye mchoro wa mipango miji, hapa pamepangwa kuwa nini? Makazi, shule, eneo la wazi, makaburi, au barabara? Watu hawaendi kuuliza kwa sababu wanaona aibu kuingia ofisi ya ardhi wakiwa hawana ardhi. Nenda. Kuuliza hakuna kiingilio.

Uliza pia kama mtaa umo kwenye urasimishaji, yaani kazi ya kupima na kuorodhesha viwanja ambavyo watu wamekwisha kujenga bila kupimiwa. Ukiwemo, majirani wanaweza kuwa wamekwisha kuchangia, na jina lililoandikwa kwenye orodha ya kiwanja chako lazima libadilishwe.

Umefaulu kama: una majibu ya upekuzi, au umeoneshwa mchoro na ukaandika tarehe na cheo cha aliyekuonesha.

## Hatua ya 7: Mkataba

Usitumie fomu ya stationeri yenye nafasi za kujaza. Mwone wakili, kubaliana bei kabla hajaanza kuandika. Mkataba uwe na mambo haya, na usisaini likikosekana hata moja:

- Majina kamili ya pande zote kama yalivyo NIDA, na picha.
- Mnunuzi ni mke na mume, majina yote mawili. Akina mama, hapa msiwe na haya. Ukichangia hela na jina lako halipo, siku ya msiba utakuwa mgeni.
- Muuzaji amekipata vipi kiwanja: alinunua, alirithi, alipewa.
- Vipimo vya pande nne na mishazari miwili kwa mita, na majina ya majirani wa kila upande.
- Miti iliyomo, idadi yake, na kwamba imeuzwa pamoja na ardhi na haina rehani.
- Bei kwa tarakimu na kwa maneno, na inalipwaje.
- Ridhaa ya mwenza au warithi, kwa saini zao wenyewe.
- Akijitokeza mwenye haki zaidi, muuzaji anarudisha hela yote pamoja na gharama za maendelezo.

Wakulima wana kipengele chao. Mnada unaweza kuchelewa, na malipo baada ya mnada nayo yanaweza kuchelewa. Ukiandika "nitalipa tarehe 15 Novemba" umejitega. Andika kwa mfano: "Mnunuzi atalipa ndani ya siku 14 tangu hela ya mauzo ya korosho kuingia kwenye akaunti yake, na kwa vyovyote si zaidi ya tarehe 31 Januari." Muuzaji mwenye shamba anaelewa lugha hiyo. Anayeikataa kabisa huenda ana mnunuzi mwingine mlangoni.

Mashahidi wa kila upande wasaini, majirani wakiwezekana wasaini, na serikali ya mtaa au kijiji igonge muhuri. Lakini elewa: muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mliuziana. Si hati.

## Hatua ya 8: Kulipa

Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kisizidi asilimia 10, na kiandikwe kwenye mkataba. Kinachobaki lipa benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti ya muuzaji mwenyewe. Si ya dalali, si ya mdogo wake muuzaji "mwenye akaunti". Kama hana akaunti, nendeni pamoja afungue.

Hela taslimu kwenye mfuko wa rambo ina matatizo mawili: barabarani inaibiwa, mahakamani haionekani. Karatasi ya benki inaonekana.

Dalali mlipe mwisho, kwa kiwango mlichoandikiana mwanzo, na mpe baada ya muuzaji kukabidhi. Akilia njaa, mnunulie chakula.

Siku ya kulipa rudini kiwanjani, mambo zile zile, utepe ule ule. Pimeni tena. Mimi kiwanja changu cha kwanza kilipungua mita moja na nusu kati ya kukubaliana na kulipa, upande wa jirani aliyekuwa na uharaka wa kujenga choo. Sikupima mara ya pili. Choo kipo mpaka leo.

## Hatua ya 9: Siku 30 za mwanzo

Ushuru wa stempu. Peleka mkataba TRA ndani ya siku 30. Kwa uuzaji wa kiwanja ni asilimia 1 ya thamani. Watu wa ardhi isiyopimwa huiruka hatua hii kwa kuiona ya matajiri, kumbe mkataba usiolipiwa stempu hakimu anaweza kukataa kuupokea kama ushahidi. Kwa kiwanja cha milioni moja na laki mbili ni elfu 12.

Uhamisho. Kwa kilichopimwa, wakili atajaza Fomu za Ardhi Namba 29, 30 na 35, utafanyika uthamini, na muuzaji atalipa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida aliyopata kwa kuuza. Andika kwenye mkataba nani analipa nini, maana wauzaji wengi wanaisikia kodi hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kula hela. Kwa kisichopimwa, peleka nakala ofisi ya mtaa, ingiza jina lako kwenye urasimishaji.

Kujionesha. Panda minyaa mipakani, ikishika haing'oleki kirahisi. Ukiweza, anza msingi wa chumba kimoja na choo, si nyumba ya vyumba vitatu. Omba kibali cha ujenzi cha nyumba nzima, jenga chumba cha kwanza, hamia. Kodi ya miezi sita uliyokuwa unampa mwenye nyumba ndiyo saruji ya chumba cha pili.

## Kwa kikoba, msikiti au kanisa mnaotaka kusaidia familia kadhaa

Kununua ekari moja kwa pamoja na kugawana kunapunguza bei sana. Ekari ni mita za mraba 4,047, lakini msihesabu viwanja kumi vya mita 400. Barabara za ndani zikitoka mtapata vinane, pengine saba. Mwiteni afisa mipango miji na mpima kabla ya kupiga kura nani anakaa wapi, na kama ni shamba, ulizeni juu ya kubadili matumizi ya ardhi kuwa makazi.

Mkataba usiandikwe kwa jina la mwenyekiti wa kikundi. Uandikwe kwa majina ya familia zote. Mwenyekiti akifa, warithi wake hawatakumbuka kikao chenu.

Na kama kikundi kina hela kidogo tu ya kusaidia, msiwape watu hela ya kiwanja. Lipieni wakili na upekuzi. Laki mbili hapo inaokoa milioni mbili.

## Kibao

Nunua kopo dogo la rangi nyekundu na ubao wa mti mgumu. Andika ENEO HILI HALIUZWI na namba yako ya simu, usimamishe upande wa njia. Ukishajenga, andika ukutani. Jua la huku linaifubaza rangi ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo rudia kila Septemba, kabla madalali hawajaanza kuzunguka.